Sigaa tatu za bei nafuu: ipi itufae sisi wa Tabora?

KijanaWaIpuli
Wakuu, heshima kwenu. Mjomba anastaafu mwezi ujao, na kila akikaa na wenzake lazima ataje sigaa, zile nene za majani matupu ya tumbaku, siyo sigara. Ndugu yangu aliyeko Dar amenitumia picha za aina tatu ambazo mfuko wangu unaziweza. Kuna Villiger Export za Uswisi, zile zenye pembe nne. Kuna José L. Piedra za Cuba, pakiti ya tano. Halafu kuna fungu la Nicaragua lisilo na sanduku wala pete ya jina, muuzaji anaapa ndani ni majani marefu mwanzo mwisho. Mimi hata sigara sivuti. Niangalie nini?

Bani_la_Urambo
Pete ni karatasi tu, achana nayo. Angalia tumboni. Villiger ni ya mashine, ndani majani yamekatwakatwa. Piedra inasokotwa kwa mkono lakini nayo ni chenga. Pakiti yenyewe inasema "tripa corta", majani mafupi. Chenga huungua upesi, moshi unakuwa wa moto, jivu linadondokea shati na vipande vinaingia mdomoni. Jani refu linaungua taratibu na jivu lake linashikana. Kama muuzaji hasemi uongo, Nicaragua ndiyo mali. Ndugu yako anunue moja tu, aipasue kwa wembe toka kichwani, panapovutiwa, hadi mguuni, panapowashwa. Atajionea.

DadaMadaraja
Kabla ya wembe kuna vidole. Ibonyeze taratibu urefu wote. Inatakiwa ibonyee kidogo kisha irudi. Ukikuta pamelegea, pana uwazi, itaungua upande. Ukikuta fundo gumu, mjomba atavuta mpaka mashavu yaume. Ikilia kama jani kavu, imekwisha. Sisi tuliopanga madaraja ya tumbaku tunajua jani ambalo halijapata unyevu linavyopukutika mkononi.
Kisha anuse mguuni. Harufu kali inayochoma pua kama mkojo wa ng'ombe ni jani lililoharakishwa, halijachachuka likaiva. Na weusi usimdanganye, haupimi ukali. Nyingine zimepakwa rangi. Futa kwa karatasi laini yenye maji: weusi wa asili huacha doa dogo, wa kupaka huchafua karatasi yote.

Mzee_wa_Kanyenye
Mnatafuta tumbaku Nicaragua na ninyi mko Tabora? Msokotee ya Urambo.

Bani_la_Urambo
Mzee wangu, shikamoo. Ya kwetu ni ya mvuke, inakaushwa banini, kile kibanda cha moto, kwa joto siku chache tu, sukari inabaki nyingi. Ukiisokota nene namna ile inang'ata ulimi. Jani la sigaa linakaushwa kwa hewa wiki kadhaa, halafu linalundikwa lijichemshe lenyewe. Ni kazi nyingine kabisa.

Mzee_wa_Kanyenye
Marahaba. Babu zetu waliivuta hivyohivyo.

Abiria_wa_Kigoma
Mnasifia majani marefu, mmesahau hewa ya huko kwenu. Sigaa za Cuba na Nicaragua zinataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70 hivi. Zikifika Tabora kiangazi zikawekwa juu ya kabati kungoja sherehe, jani la juu linapasuka. Villiger ni za mtindo mkavu wa Ulaya, hazihitaji sanduku la unyevu. Kwa Tabora, ya mashine iliyo nzima naichagua kuliko ya mkono iliyokufa. Akitaka zile nyingine, atafute na chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana na pakiti za kutunza unyevu, la sivyo anatupa hela.

Bani_la_Urambo
Hapo mkuu umenishika. Ila ladha ya Villiger ni fupi, wazee wataimaliza na kuisahau.

DadaMadaraja
Aangalie pia vitobo vidogo kama vya sindano. Ni yule yule mdudu wa ghalani, anapenda joto. Akiona kimoja, fungu zima aliache.

Muuguzi_Sikonge
Nawachungulia tu. Mwambieni mjomba asiteremshe moshi kifuani, na hata asipoteremsha, saratani ya mdomo na koo haiulizi sigaa ilikuwa ya bei gani. Saa ya ukutani nayo ni zawadi nzuri ya kustaafu.

KijanaWaIpuli
Dada, saa ameshaahidiwa na ofisi. Mrejesho: ndugu amepasua ile ya Nicaragua. Pembeni majani marefu, katikati chenga tupu. Amempigia muuzaji, simu haipokelewi.

DadaMadaraja
Nunua Piedra basi. Chenga ni chenga, lakini pakiti yake imekiri.

Abiria_wa_Kigoma
Na chombo chenye mfuniko, usisahau.