Jiko la kuni limeliwa ndani: mabamba ya kiwandani, matofali au bamba la kuchomelea?

Mgeni_Lewiston
Wakuu, poleni na baridi. Nyumba tuliyonunua hapa Lewiston, Maine, ina jiko la kuni la zamani, chuma cha kusubu. Mabamba ya ndani yameliwa, moja limepinda na kupasuka. Nimepata njia tatu: mabamba mapya ya aina yake, nimetajiwa karibu dola 300, matofali ya moto niyapange mwenyewe, au kuna mchomeleaji atanikatia bamba la chuma la kawaida kwa dola 60. Mke wangu anasema tununue jiko jipya. Naomba ushauri kabla ya Jumamosi.

Mama Riziki
Kaka, jiko gani? Ndilo linalopasha nyumba, au ni la siku umeme ukikatika? Bila hayo tutakupigia ramli tu. Weka na picha.

Fundi_Portland
Na ufa uko wapi, kwenye bamba la ndani au kwenye mwili wa jiko? Bamba la ndani limewekwa liliwe ili mwili upone. Mwili ukiwa na ufa, usinunue hata nati. Jiko likiwa limepoa, washa tochi kali ndani usiku, zima taa za chumbani, halafu lizunguke. Ukiona mwanga kwenye ubavu, hilo halifai tena.

Mgeni_Lewiston
Samahani wakuu. Limeandikwa Jøtul 602. Ndilo tunalolitegemea. Nimejaribu tochi sasa hivi, ubavuni hakuna mwanga. Picha zinakataa kupanda.

Fundi_Portland
Basi agiza mabamba. Ni jiko la Norwe, na ofisi zao za Marekani ziko Gorham, hapa hapa Maine. Matofali sahau. Tofali jembamba la jiko lina unene wa inchi moja na robo, zaidi ya sentimita 3, na tumbo la 602 ni jembamba. Ukiweka pande zote mbili, kuni zitaingia mojamoja. Halafu bamba la juu, lile linalorudisha moto mbele kabla moshi haujaingia bombani, limekalia mabamba ya pembeni. Ukiyatoa, litakalia nini?

Bukavu_207
Fundi, matofali unayaonea. Mimi ninayo msimu wa tano. Likipasuka moja nabadilisha moja, na asubuhi jiko bado lina uvuguvugu.

Fundi_Portland
Jiko lako ni aina gani?

Bukavu_207
La bamba la chuma, kubwa.

Fundi_Portland
Hilo lilitengenezwa kwa matofali tangu mwanzo. Lake halikutengenezwa hivyo.

Mama Riziki
Hiyo ya dola 60 niacheni niisimulie, maana ilituumiza. Miaka mitatu iliyopita fundi alituletea bamba la milimita 6. Alilikata likabana kabisa, tukamsifu, kazi safi. Vijinafasi vilivyobaki akaviziba kwa saruji ya tanuri. Wiki mbili hatukuona tatizo. Ikaja baridi ya Januari, mume wangu akajaza kuni kavu na kuacha tundu la hewa wazi karibu saa nzima. Chuma kikipata joto hutanuka, na kile hakikuwa na pa kutanukia. Bamba likabenuka, likasukuma ubavu. Tulisikia mlio mmoja, kama sahani imeanguka jikoni. Tukaangalia, hatukuona kitu, tukalala. Saa nane usiku king'ora cha kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, kikalia. Tuliwatoa watoto na mablanketi, tukakaa garini mpaka zimamoto wakafika. Kulipokucha nikauona ufa, mwembamba kama unywele, kutoka kona ya chini hadi katikati ya ubavu. Jiko tukaliuza chuma chakavu. Kwa hiyo bamba lolote utakaloweka, liache lipumue milimita chache kila upande, na usilizibe kwa saruji.

Mgeni_Lewiston
Pole sana dada. Mchomeleaji nimemfuta. King'ora tunacho ghorofani tu, kesho naongeza kingine karibu na jiko.

Karatusi_Limuru
Niko Limuru, baridi yetu si kama yenu, lakini jiko la chuma ninalo. Spea hazifiki huku. Bamba lililovunjika nililipeleka kwa mafundi Nairobi, wakalitumia kama mfano na kusubu lingine kwenye mchanga. Lilitoka dogo kidogo, maana chuma kikipoa hunywea kama asilimia moja. Likaingia bila kubana.

Fundi_Portland
Mzee wangu, huo ni ufundi wa kweli. Ila chuma cha mabaki kinatofautiana. Lako limekaa muda gani?

Karatusi_Limuru
Misimu miwili ya baridi. Sichomi sana.

Bukavu_207
Hakuna aliyeuliza kwa nini yaliliwa. Mgeni, mnachoma nini?

Mgeni_Lewiston
Sisi kuni. Ila mwenye nyumba wa zamani aliacha gunia la makaa ya mawe chini.

Bukavu_207
Ndiyo hayo! Makaa ya mawe kwenye jiko la kuni ni kulitafuna. Na hilo halina wavu wa kuwekea kuni, acha majivu inchi moja chini, usilikombe likawa jeupe.

Mama Riziki
Kama mlango wa jiko una kamba ya zamani ya kuziba pembeni, usiikwangue kavu. Za miaka hiyo huenda zina asbesto, nyuzi ambazo vumbi lake huharibu mapafu. Iloanishe kwanza, vaa barakoa.

Mgeni_Lewiston
Ahsanteni. Mke bado anataka jipya, Jumamosi tunaenda kuona yote mawili. Kuni zangu ni mwaloni, zimepasuliwa Aprili. Zinalialia ndani ya moto, ni kawaida?

Fundi_Portland
Hizo mbichi. Mwaloni unataka miaka miwili. Zipasue katikati, ugusishe kipima unyevu upande wa ndani. Zaidi ya asilimia 20, usichome, bomba litajaa lami.

Bukavu_207
Miaka miwili? Wangu hukauka kwa kiangazi kimoja nikiupanga kwenye upepo.

Fundi_Portland
Mwaloni, au kuni nyingine? Umepima?

Mgeni_Lewiston
Kuna anayeuza kavu karibu na Auburn?