Naomba ushauri: mwenzangu kaandika presha ambayo hakuipima

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa 4, niko wodini. Juzi nilimwona mwenzangu akijaza presha 120/80 kwenye faili la mgonjwa bila hata kumgusa. Nilipopima mwenyewe nikapata 88/50, yaani iko chini sana, na mapigo ya moyo 124 kwa dakika, ya kasi mno. Nikamwita daktari wa zamu, mgonjwa akawekewa dripu, sasa anaendelea vizuri.

Ila ile namba ya uongo bado imo kwenye faili. Jamaa ananisihi ninyamaze, eti kila mtu hufanya hivyo (si kila mtu, ingawa si yeye peke yake). Ni rafiki yangu wa kweli. Nimpe nafasi akakiri mwenyewe kwa msimamizi, au niende mimi leo leo? Mliowahi kupitia haya, nisaidieni.