Neno "chawa": bado lina maana, au ni tusi la kumfunga mtu mdomo?

Mtoka Ruvu
Wakuu, salaam. Juzi kwenye kundi la ukoo niliandika kwamba treni ya SGR imenitoa Dar hadi Dodoma kwa saa tatu na nusu hivi, safari ambayo kwa basi hula saa nane na zaidi. Nikasema nimefurahi. Mtoto wa shangazi akajibu: "Chawa kazini." Sina kadi ya chama chochote, na nauli nimelipa mwenyewe.

Neno hili lilikuwa na kazi yake. Lilipokuwa la watu wa bongo fleva, chawa alikuwa mtu anayemganda staa, anamsifia kutwa na kumtukania wapinzani, naye analipiwa msosi na vocha. Likaingia kwenye siasa na maana ileile: anayesifu kwa malipo. Sasa limekuwa la kumpiga nalo yeyote aliyesema jambo zuri. Tukimwita kila mtu chawa, yule anayelipwa tutamwitaje?

Kondakta Mstaafu
Mkuu, wa kulaumiwa ni machawa wanaolivaa jina hilo kwa fahari. Kuna kundi zima limejipa jina la Chawa wa Mama, yaani wa Rais Samia. Msanii Baba Levo alijitangaza chawa wa Diamond kwa kinywa chake, na 2025 akatangazwa mbunge wa Kigoma Mjini. Zamani mtu akiitwa mpambe au mlamba viatu alikuwa anataka kupigana. Leo mtu anaitwa chawa anacheka na kuuliza zawadi iko wapi. Hapo ndipo tulipoharibikiwa.

Kalamu Nyekundu
Wingi wa chawa ni chawa. "Machawa" mmelitoa wapi?

Dogo Makoroboi
Mdudu ni chawa mmoja, chawa kumi. Watu ni machawa, kama mabosi. Tuendelee.

Bi Shughuli
Mimi nimekwama kwenye "anayesifu kwa malipo". Mtoka Ruvu, mimi ni mshereheshaji. Ijumaa nasimama ukumbini namsifu bibi harusi ambaye nimemjua siku hiyohiyo: katoka kwao kalelewa, kafundwa kafundika. Nalipwa, na kwa hela hiyo nimesomesha watoto. Nami chawa? Waimbaji wa taarabu wanaotunzwa noti wakimwimbia mwenye shughuli, nao? Angalieni midomo yenu, mnapita juu ya riziki za watu.

Mtoka Ruvu
Dada yangu, sikukulenga wewe. Ukumbini kila mtu anajua umeitwa na umelipwa.

Bi Shughuli
Na hao waliojipa jina la Chawa wa Mama, nani hajui? Wamejitangaza wenyewe. Kwa hiyo kipimo chako cha kujificha kimeshaanguka. Tafuta kingine.

Mzee wa Azimio
Vijana, mnisikilize kidogo. Sisi tulikuwa na kupe. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, neno hilo lilikuwa kila mahali: kupe, mnyonyaji, kukata mirija. Miiko ya uongozi ilimkataza kiongozi kupangisha nyumba, kuwa na hisa kwenye kampuni, kula mishahara miwili. Kupe alikuwa mkubwa anayeishi kwa jasho la mdogo. Tazameni sasa. Chawa ni mdogo aliyeng'ang'ania kwa mkubwa. Wadudu wote wawili wanafyonza damu, ila lawama tumeihamisha. Tunamcheka kijana asiye na ajira anayemsifu tajiri, na tajiri mwenyewe hatumuulizi hela ya kuwalisha wote hao kaipata wapi. Neno hili linanikera kwa sababu hiyo tu.

Dogo Makoroboi
Mzee shikamoo. Hilo la kupe limenigusa, lakini hapo mwisho nakukatalia. Chawa wa siasa hafyonzi damu ya bosi wake. Anafyonza ya kwetu, maana hela anayogaiwa ndiyo hiyohiyo tuliyokatwa kwenye miamala. Kumwita chawa ni kumgusa na aliyembeba.

Na Mtoka Ruvu, usilie sana na treni yako. Kabla ya Oktoba 29, siku ya uchaguzi mkuu wa 2025, neno hili lilikuwa utani. Halafu intaneti ikazimwa, watu wakapigwa risasi, na iliporudi Novemba kuna waliokuwa na msiba nyumbani. Wasanii waliopanda majukwaa ya kampeni waliona mashabiki wakiwakimbia mmoja mmoja. Tangu hapo ukimwita mtu chawa unamuuliza alikuwa upande gani siku ile. Ndiyo maana linawauma, na mimi sitaki liache kuuma.

Msituambie pia ni balaa jipya lililoletwa na simu. Washairi mnaowasifu wote walikuwa machawa. Muyaka alikuwa chawa wa Sultani wa Zanzibar, basi tu hakuwa na Instagram.

Mvita Kuukuu
Ewe kijana wa Mwanza, hapo umekanyaga kaburi la watu. Muyaka bin Haji ni wa Mvita, na huyo Sultani unayemtaja ndiye aliyekuwa adui yake. Muyaka alikuwa upande wa Mazrui waliokuwa wakiitawala Mombasa, na beti zake zilikuwa zamkejeli Seyyid Said na kuwatia moyo watu wa mji wasimkubali. Mazrui wakaangushwa 1837, wakubwa wao wakatiwa chomboni wakapelekwa Bandar Abbas. Wewe wasema chawa. Chawa gani huyo abaki na upande unaozama?

Dogo Makoroboi
Sawa, awe wa Mazrui. Mazrui hawakuwa watawala? Alimsifu mtawala wa mji wake akamtukana mtawala wa mji mwingine. Hiyo ndiyo kazi inayofanyika Instagram kila siku.

Mvita Kuukuu
La! Muyaka hakukaa barazani kwa wakubwa peke yake. Ametunga mapenzi, ametunga ufukara, ametunga mambo ya sokoni na ya majumbani, ndiyo maana watu walimhifadhi kifuani kizazi baada ya kizazi. Hebu nionyeshe chawa mmoja wa leo ambaye maneno yake yatakumbukwa hata Ramadhani ijayo.

Kwetu Kenya wanaosifu serikali mtandaoni kwa ujira twawaita mabloga wa 527, ati hizo ndizo shilingi wanazolipwa. Angalau sisi twataja bei, hatumkosei asiyelipwa.

Kondakta Mstaafu
Mnataja bei na mnakosea vilevile. Nimewaona Wakenya wakimwita wa 527 mtu aliyesema bei ya unga imeshuka.

Mvita Kuukuu
Kondakta, bei ya unga haikuhusu wewe uliyekaa Mbagala.

Kondakta Mstaafu
Unga huo mnautengeneza kwa mahindi ya wapi?

Mtoka Ruvu
Wakuu, turudini kwenye mada. Dogo, baada ya Oktoba 29 sikuandika neno kumsifu mtu yeyote. Niliandika kuhusu treni. Treni imejengwa kwa kodi na mikopo nitakayolipa mimi na wanangu, kwa hiyo nina haki ya kusema inakimbia, na ina siku zake za kukwama njiani, hilo nalo nimewahi kulisema. Ukinibandika jina la mtu aliyelipwa kufunika vifo, umewasaidia hao waliolipwa. Wanajificha katikati yetu.

Mzee wa Azimio
Hapo kijana umesema. Wakati wetu pia kupe alianza kuwa mwenye mabasi, mwisho akawa hata mama mwenye genge la nyanya. Katika msako wa wahujumu uchumi, 1983, watu walimwaga sukari na sabuni zao usiku kwa hofu.

Bi Shughuli
Mzee, kwetu tulifukia khanga. Mama yangu alikuwa na doti chache tu za kuuza.

Dogo Makoroboi
Poleni kwa hayo. Lakini Bi Shughuli, mimi nina swali moja kwako, lijibu bila kuzunguka. Ukiitwa kusherehesha mkutano wa kampeni utaenda?

Bi Shughuli
Nimeshakwenda, tena mikutano ya vyama viwili tofauti. Nilitaja majina ya wagombea, nikawapa watu utaratibu, nikaita kwaya. Sikumuombea mtu kura wala sikusema fulani kaletwa na Mungu. Kuna kipaza sauti cha kazi na kuna ulimi wa kuuza, na mimi ulimi wangu sijauuza.

Dogo Makoroboi
Na hao waliokuwa uwanjani wakikusikia, walijua hiyo tofauti?

Bi Shughuli
Waliokuja kusikiliza walijua. Waliokuja kwa fulana na kofia, sikuwauliza.