Nimeapa kutomtegemea mtu tena ila ndo kwanza nazidi kuumia, nakosea wapi?

taa_ya_kibarazani:

Habari zenu wakuu, naomba mnisikilize kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni wiki ya tatu sasa.

Mimi ndo yule mtu ambaye kwenye kila kundi la marafiki anakumbuka. Nakumbuka bethidei ya kila mtu, nani ana intavyuu kesho, nani mama yake anatoka hospitali, na lazima nipige simu niulize imekuaje. Sijilazimishi, napenda. Ila ki ukweli moyoni nilikuwa najua na mimi siku yangu ikifika watakuwepo.

Ikafika. Nilifanyiwa upasuaji, sio mkubwa sana lakini nililala ndani siku 12. Simu nimeilaza juu ya mto, sauti mpaka mwisho, kila ikilia nashtuka kidonda kinavuta, nikiangalia ni matangazo tu. Mchumba wangu aliandika "pole mpenzi" siku ya kwanza, siku ya pili akaja kama nusu saa hivi, halafu siku 4 kimya, naona tu stetasi anacheka na wenzake kazini. Rafiki yangu ambaye nilikesha naye alipoachwa hakuja kabisa. Dada yangu wa damu alisema atakuja wikiendi, wikiendi ikapita.

Siku ya tisa usiku maji ya kunywa yaliniishia chumbani nikajikokota nashika ukuta mpaka jikoni, nilipofika nikakaa sakafuni nikalia, na sio kwa sababu ya kidonda. Hapo hapo nikaapa sitegemei binadamu tena. Sa hivi nimepona, simpigii mtu, mchumba akiuliza uko sawa najibu niko sawa. Nilidhani nitapata amani, wapi! Nyie mnaojitegemea mnafanyaje? Mtu anaachaje kutarajia vitu kwa watu bila kugeuka jiwe?

mguu_sawa:

Pole sana dada. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na sio pesa tu, hata upendo. Mimi baada ya kuumizwa mara 2 nilijipanga, nina akiba yangu ya dharura, nikiumwa najua naanzia wapi, naweza kukaa peke yangu wiki nzima na nisione shida. Mtu akinifanyia kitu nashukuru, asipofanya maisha yanaendelea. Mwanzo inauma, baadaye unazoea. Kaza moyo.

mama_wa_watatu:

Mwanangu pole, nimesoma mara mbili. Huyo aliyetangulia kuhusu akiba na kujipanga simpingi. Ila nina swali moja, hao watu uliwaambia unachotaka? Sisemi kuwaambia naumwa. Nasema ulimwambia mchumba wako "njoo ukae na mimi jioni, siwezi kuinuka kuchukua maji"?

Nauliza kwa sababu mimi nilikaa na mume wangu miaka 6 nanuna. Nikichoka naosha vyombo nabamiza masufuria, nataka asikie kwamba nimechoka, nataka aje aseme kapumzike mke wangu. Yeye yuko sebuleni anasikia masufuria. Miaka 6 anasikia masufuria! Siku nilipomwambia kwa mdomo alishangaa kweli kweli, na mimi nikakasirika zaidi kwamba anashangaa nini.

Kuna jaribio moja huwa nalikumbuka sana kwenye hili. Mwaka 1990 Elizabeth Newton, alikuwa anasomea udaktari wa saikolojia Stanford kule Marekani, alichukua watu akawaambia wachague wimbo unaojulikana na kila mtu waugonge mezani kwa kidole, bila kuimba, mwenzao asikilize abahatishe ni wimbo gani. Wagongaji walikuwa na uhakika kwamba nusu ya nyimbo zitajulikana. Ziligongwa nyimbo 120, zikajulikana 3. Tatu tu. Manake anayegonga kichwani mwake wimbo unaimba wote, maneno, sauti, ngoma, hawezi hata kufikiria kwamba mwenzake anasikia ko ko ko basi.

Mwanangu wewe ulipokuwa unaangalia ile simu, wimbo wote ulikuwa unausikia. Wao walisikia nini?

taa_ya_kibarazani:

Mama, baada ya kusoma hapa nimerudi kwenye simu nikaangalia nilichokuwa namwandikia siku zile. "Naendelea vizuri." "Usijali." "Kazi njema." Ile usiku wa siku ya tisa niliandika "naomba uje, nakuhitaji" nikaifuta nikaandika "usiku mwema". Nilikuwa naona kama mpaka niombe basi haina thamani tena. Mtu akikupenda si anajua tu?

daraja_la_mbao:

Hajui dada, hata anayekupenda sana. Lakini mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, usije ukageuza lawama zote ukajibebesha wewe. Mtu unayetaka kuoana naye kujua umetoka kupasuliwa halafu siku 4 asipige hata simu, hiyo haihitaji kubahatisha wimbo. Mwambie na hilo.

Ninachoona mimi umechanganya vitu viwili. Kujitegemea sio kuacha kuhitaji watu. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Brooke Feeney alichapisha utafiti 2007 kuhusu wapenzi, na alichokuta kinaenda kinyume na tunavyofikiri wengi, kwamba wale ambao wenzao wanawapokea wakiwa na shida bila kuwasukuma ndo wanaoweza zaidi kufanya mambo yao wenyewe. Mimi naona inaingia akilini, ukijua nyuma kuna mtu unathubutu kwenda mbali.

Kwa hiyo kinachokuhusu wewe ni kusema, kwa maneno mazima, na kuvumilia kuambiwa hapana, na hapo ndo pagumu. Kuomba kunatisha manake unaweza kunyimwa, usipoomba unabaki na kisingizio kwamba hawakujua. Ukishasema wazi mara 2 mara 3 na mtu habadiliki, hapo umeshapata jibu, punguza unachomtarajia yeye. Yeye tu, sio dunia nzima. Halafu huyo dada yako anaweza kuwa sio mtu wa kukaa na mgonjwa ila ukikwama na makaratasi ya kazi anakesha na wewe. Mbona umpime kwa kile ambacho hana?

mguu_sawa:

Nimerudi. Nimesema mtu anazoea na ni kweli nimezoea, lakini nisimdanganye dada wa watu. Mwaka jana nilipata kazi niliyoihangaikia muda mrefu sana, nikatoka nje na ile simu mkononi nikashusha majina toka juu mpaka chini nikakosa wa kumpigia. Sijui kwa nini sikuandika hilo mwanzo.

taa_ya_kibarazani:

Mrejesho. Jana nimempigia mchumba nikamwambia yote, mpaka ya jikoni. Alinyamaza nikadhani simu imekatika. Akasema nilivyokuwa najibu kifupi alijua nataka kulala, na kwamba chumba cha mgonjwa kinamrudisha kwa baba yake, alimuuguza mpaka mwisho. Hilo sikuwahi kulijua, na tuna miaka 2. Sijasema limeisha, siku 4 bado ni siku 4 na nimemwambia hivyo.

Jumatano narudi kwa daktari kuangaliwa kidonda. Nimemwambia nataka anipeleke, nimemtajia na saa. Kasema anakuja.

Dada kajibu "samahani mdogo wangu" na hajaongeza kitu. Rafiki yangu bado sijampigia, leo nimefungua namba yake mara tatu.

@mguu_sawa hongera ya kazi kaka. Niambie unafanya nini huko na umekuta watu gani.