Ventrikali ya kulia (chumba cha chini cha moyo) imetanuka, tundu la ukuta wa moyo halionekani kwenye eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti): nitafute wapi?

Mpimaji_Eko
Wakuu, mgonjwa ni mtu mzima, anachoka akipanda ngazi. Ventrikali ya kulia ina mm 47 kwenye msingi (ukomo 41). Mvujo wa valvu ya trikaspidi (kati ya vyumba vya juu na chini vya kulia) una kasi ya m 2.9 kwa sekunde. Nikitazama kutoka nchani mwa moyo, ukuta kati ya atria (vyumba vya juu) unaonekana mzima. Nifanyeje?

VenaKava
Daktari, usiuamini ukuta huo kutoka nchani. Mawimbi ya sauti yanapita sambamba nao, hivyo unaweza kuona tundu lisilokuwepo au kulikosa lililopo. Mlaze chali, akunje magoti, avute pumzi aishikilie, nawe upimie chini ya ncha ya kidari. Hapo mawimbi yanaugonga ukuta usoni. Shusha kipimo cha Dopla ya rangi (inayoonyesha mwendo wa damu) hadi cm 30–40 kwa sekunde, maana damu huvuka taratibu. Kisha ifuate vena kava ya juu (mshipa mkubwa unaoleta damu ya kichwa na mikono) hadi inapoingia atria. Tundu la sinasi venosasi hujificha pale, na mara nyingi sana huja na mshipa wa pafu la kulia unaomwaga damu upande usio wake. Kwa watu wazima hupitwa kirahisi mno.

Mapovu
Ongeza kipimo cha mapovu. Sirinji mbili za ml 10 kwenye koki ya njia tatu, saline (maji ya chumvi) ml 9, hewa ml 1. Sukuma huku na huku mpaka iwe nyeupe, toa hewa inayoonekana kwa macho, kisha choma kwa kasi mkono wa kushoto. Mapovu yakifika kushoto mwa moyo ndani ya mapigo matatu, kuna njia moyoni. Yakichelewa, fikiria mapafu. Ila damu ikivuka kwenda kulia tu, huenda usione povu upande wa kushoto. Tafuta kijito cheusi kinachoingia kwenye weupe wa atria ya kulia. Na sinasi ya koronari (mshipa unaorudisha damu ya misuli ya moyo) ikijaa kabla ya atria, kuna vena kava ya juu ya kushoto.

@VenaKava nakubali, chini ya kidari kwanza.

Mpimaji_Eko
Na uwiano wa damu ya mapafu kwa ya mwili?

VenaKava
0.785 × kipenyo² cha njia ya kutokea damu × VTI (umbali ambao damu husafiri kwa pigo moja, cm), kila upande. Kushoto cm 2.0 na VTI 20: ml 63. Kulia cm 2.6 na VTI 19: ml 101. Uwiano 1.6. Ukikosea kipenyo cha kulia kwa mm 2 tu, ukaandika 2.4, unashuka hadi 1.4, chini ya ile 1.5 ya kufikiria kuziba tundu. Pima mara tatu. Ikiwa ni sinasi venosasi, omba CT ya mishipa ya mapafu. Kifaa cha kawaida cha kuzibia hakina kingo za kushika pale.