Tupeane uzoefu: kubadilisha habu za kuloki (friwili) kwenye fowili za zamani

Mkulima wa Karatu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Nina Land Cruiser pikapu HZJ75, injini ya 1HZ, fowili (tairi zote nne zinavuta) zile za kushuka na kuloki habu kwa mkono, yaani kile kifaa cha katikati ya tairi la mbele kinachoshikanisha au kuachanisha tairi na ekseli. Masika yameanza na habu ya kushoto haishiki. Nazungusha mpaka LOCK, naweka H4 (fowili), nakanyaga mafuta, za nyuma zinachimba peke yake na mbele kimya. Juzi nimetolewa kwenye tope na trekta ya jirani, na jirani mwenyewe hakunyamaza, kijiji kizima kimeshajua.

Fundi wa kwanza kasema ninunue jozi mpya. Wa pili kasema niachane na habu kabisa, nifunge flanji, ile sahani ya chuma inayoshikanisha ekseli na tairi moja kwa moja. Kabla sijatoa hela nataka kusikia waliopitia haya: ulibadilisha kwa sababu gani, ulifunga nini, na ikawaje? Gari lolote, si Toyota tu. Ila ushauri wa kuuza ninunue Prado sitaki, hela ya Prado sina.

Fundi wa Uani

Mkuu, usinunue chochote kwanza. Gari nyingi za namna hii zinazokuja kwangu kwa "habu imekufa", habu ni nzima, imegandishwa na uchafu tu.

Piga jeki mbele, tairi zote mbili ziwe hewani, weka stendi (jeki usiiamini), gia ya fowili iwe H2 (tairi za nyuma tu ndizo zinavuta). Weka habu zote FREE, zungusha tairi kwa mkono. Inatakiwa izunguke kilaini na propela ya mbele (shafti ndefu ya chini inayopeleka nguvu mbele) itulie. Kisha loki zote mbili, zungusha tairi la kushoto. Hapo lazima kitu kijibu: ama la kulia lizunguke kinyume, ama propela izunguke. Kukiwa kimya, kuna habu haijashika, na ya kujua ni ipi unafungua vifuniko.

Kifuniko kina bolti sita, spana namba 10. Kitoe taratibu, maana nyuma yake kuna springi. Ndani utaona ringi yenye meno inayoteleza kwenda na kurudi. Ukiweka LOCK, ile springi inaisukuma ringi ikamate meno ya ekseli. Meno yasipopishana vizuri, inasubiri mpaka tairi lizunguke kidogo ndipo iingie. Ndiyo maana mtu anazungusha, haioni imeshika, anachukua koleo na kulazimisha, anavunja kizungushio. Zungusha kwa vidole mpaka mwisho, sogeza gari kidogo, basi. Na usiiache katikati ya FREE na LOCK, meno yanashikana nchani na kulika.

Grisi ndani ya habu ni ya kupaka tu. Kuna vijana wanaijaza mpaka kifuniko hakifungi. Asubuhi ya baridi huko kwenu Karatu grisi ile inakuwa nzito, ringi haisogei.

Mkulima wa Karatu

Fundi, na kama ni kubadilisha kweli, kazi yenyewe naweza kuifanyia nyumbani?

Fundi wa Uani

Unaweza, ukiwa na subira. Baada ya kifuniko kuna klipu ya ringi kwenye ncha ya ekseli. Wengi wanahangaika nayo kwa bisibisi mbili mpaka inaruka wasijue ilipoangukia. Ncha ya ekseli ina tundu lenye nyuzi. Funga humo bolti ya milimita 8, ivute kuja kwako, ekseli itatoka kidogo na klipu itapata nafasi. Wakati wa kurudisha unafanya hivyo hivyo.

Kisha kuna nati sita, spana 12, na chini ya kila nati washa ya koni iliyojikaza kwenye stadi (bolti isiyo na kichwa). Hizi koni ndizo zinazowatoa watu machozi. Ukitoa nati habu haitoki, na kijana anakimbilia patasi kuingiza kwenye maungio. Usifanye hivyo! Ukichubua pale, maji yataingia maisha yote. Rudisha nati mpaka ncha ya stadi ili nyuzi zisiharibike, halafu gonga kwa nyundo ya shaba, au nyundo ya kawaida na kipande cha shaba katikati, kwa kuzunguka. Koni zinaruka zenyewe, moja baada ya nyingine. Ziweke kwenye kikopo, kwa sababu ukirudisha habu bila koni hata mbili, stadi zinaanza kucheza na zitakatika.

Ukishafika hapo usifunge kabla ya kuangalia beringi. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, nati zake ziko palepale nyuma ya habu, zinataka soketi ya 54. Wanaozifungua kwa patasi na nyundo wanaacha alama, na fundi anayefuata anawatukana bila kuwajua.

Mama Magari, Arusha

Shikamoo fundi, umesema kweli tupu kuhusu koni.

Mimi nina Land Cruiser za kubeba wageni, zile zilizorefushwa. Tulishawahi kubadilisha habu kwenye gari tatu kwa mpigo, tukanunua za bei rahisi zisizo na jina. Kwa macho zilifanana na za kampuni ya Aisin kila kitu, hata maandishi ya FREE na LOCK. Zilidumu msimu mmoja tu wa Ndutu, kule Ngorongoro. Tulipozifungua, meno ya ringi yalikuwa yamelala upande, chuma chake laini mno. Tangu hapo nanunua Aisin zenyewe, na nikikosa natafuta AVM za Brazil. Dukani nafungua boksi, natoa kifuniko, nazungusha mwenyewe na kuitazama ringi inavyoteleza. Muuza duka akinikunjia uso nahamia duka la pili.

Utaratibu wetu wa mvua ni huu: dereva analoki habu lami inapoishia geti la Loduare la kuingia Ngorongoro, anazifungua akirudi palepale. Habu ikiwa LOCK na gia ikiwa H2 hakuna kinachovunjika, kinachozunguka ni ekseli, difu (gia zinazogawa nguvu kati ya tairi) na propela ya mbele bila kubeba mzigo. Mafuta yanaongezeka kidogo, sawa. Nayalipa, kuliko dereva apige magoti kwenye tope kutafuta kizungushio huku wageni wanapiga picha.

Jimny ya Nanyuki

Watu wangu, nyinyi wa habu za mkono mshukuru. Jimny yangu ni ile ya kubonyeza batani, habu zinavutwa na vakyumu (nguvu ya kufyonza hewa). Batani unabonyeza, taa ya fowili inapepesa tu, haikai. Mekanika wa kwanza akasema ni transfa (giaboksi ndogo ya fowili). Wa pili akataka kubadilisha kompyuta.

Shida ilikuwa paipu ndogo ya mpira upande wa dereva, imepasuka mahali inapokunjwa usukani ukikatwa. Hewa inavuja, habu haivutwi. Tukabadilisha paipu, ikafanya kazi, halafu upande wa pili ukaanza. Huko ilikuwa sili (mpira wa kuzuia uvujaji) iliyo nyuma ya beringi, na hiyo mpaka ufungue tairi lote. Nikachoka. Nikaenda Kirinyaga Road, Nairobi, nikatafuta habu za mkono zinazoingia kwenye Jimny, tukafunga na kuziba zile paipu. Sasa nikienda upande wa Samburu nashuka, naloki, naendelea. Mke wangu anasema nimerudisha gari nyuma miaka ishirini. Asemavyo ni kweli, lakini siku hizi hatulali njiani.

Mzee wa Land Rover, Iringa

Wanangu, nami niongeze la kwangu. Nina Series III, ile ya rungu la njano na rungu jekundu. Ukisukuma la njano chini umeweka fowili, jekundu ni la gia nzito. Kiwandani nyingi zilitoka na flanji, habu za kuloki zilifungwa baadaye na wenye gari. Mimi nilizikuta zimefungwa tayari, na kila baada ya muda naziloki hata kama njia ni kavu, ili mafuta yaruke yafike juu kwenye maungio ya usukani.

Ila nimekuja hapa kwa jambo jingine. Kuna kijana wa hapa mtaani ana Land Rover 110, aliona habu zangu akazitamani. Akanunua, akafunga, akaziweka FREE, akawasha. Gari halikusogea hata hatua. Akadhani giaboksi imekufa. Wanangu, 110 na Defender ni fowili muda wote, zina difu katikati. Ukifungua mbele, nguvu yote inakimbilia upande usio na mzigo na inazunguka bure. Itatembea tu ukiloki ile difu ya katikati, na hapo umepata nini? Nilimwambia arudishe flanji zake, habu akauze.

Patrol Makete

Habu za otomatiki, hizo mimi sizitaki tena hata kwa bure. Patrol yangu ilikuja nazo. Kwenye njia tambarare hutaona tatizo. Sasa shuka mteremko wa Makete wakati wa mvua, udongo unateleza, umeweka gia nzito injini ikushikilie. Habu ya otomatiki inashika kwa nguvu inayotoka kwenye injini. Ukiachia mafuta na tairi zikaanza kuisukuma injini, au ukiweka rivasi, inaachia kwanza ndipo ishike tena upande wa pili. Ule muda wa kuachia ndio gari linakaa pembeni lenyewe. Tena kuzifungua, lazima urudi H2 na kurudi nyuma mita moja mbili. Ukisahau unatembea na ekseli inazunguka hadi mjini.

Nilifunga za mkono. Kazi ya nusu siku, ugumu ulikuwa kupata zenye idadi ya meno sawa na ekseli yangu. Hesabu meno kabla hujaenda dukani, au nenda na habu ya zamani mkononi. Ukimtajia muuzaji mwaka na jina la gari tu atakupa chochote.

Bin Mwambao, Maskati

Huku mchangani tunaloki kabla ya kuingia jangwa la Wahiba, pamoja na kupunguza upepo wa tairi. Ukishazama hadi chasisi, kufukua mchanga ili mkono ufike kwenye habu ni adhabu. Na mchanga mwembamba unapenya penye kampira ka kizungushio kalikokauka. Kampira hako ni pesa ndogo, kabadilisheni.

Dereva Mstaafu

Narudi kwenye swali la flanji, naona wamelipita. Nimeendesha Land Cruiser HZJ105 za mashirika miaka mingi, njia za Kigoma na Kibondo. Mtu anakuambia flanji haina cha kuharibika. Sawa. Lakini joiti ya mbele (kiungo cha ekseli kinachoruhusu tairi kukata kona) ikipasuka porini, kwenye gari lenye habu unashuka, unaweka FREE pande zote, unarudi H2 na mara nyingi unafika nyumbani polepole kwa tairi za nyuma. Mwenye flanji joiti ikipasuka vipande vinaendelea kuzunguka na kusagana humo ndani, vinaweza kukwama na usukani usikatike. Atatoa flanji kwa spana akiwa kwenye tope, na hapo anahitaji zile koni zikubali kutoka.

Mimi flanji ningeziweka kwenye boksi la spana kama akiba, habu zikifa njiani.

Teja wa Spea

Na wanaosema habu ni teknolojia ya kizamani: Arthur Warn alianza biashara yake Marekani mwaka 1948 kwa kutengeneza habu za kuloki, ili jipu za jeshi zilizobaki baada ya vita zitembee vizuri barabarani. Kampuni ya Warn iliendelea kuziuza kwa miaka mingi. Kitu kibaya kisingeishi hivyo.

Fundi wa Uani

Mstaafu kaongea. Nyongeza: kitabu cha Toyota kinataka mbele ifanyishwe kazi angalau kilomita 16 kila mwezi ili mafuta yazunguke. Njia ya vumbi au tope, si lami. Kwenye lami kavu ukikata kona na H4 utasikia gari linajivuta.

Mkulima wa Karatu

Wakuu, mrejesho. Tumefungua leo, mimi na mdogo wangu.

Kushoto grisi ilikuwa nyeupe kama maziwa ya mgando, ringi haisogei, springi ina kutu. Gasketi ya kifuniko hakuna kabisa, aliyefunga mara ya mwisho alipaka silikoni nusu duara. Tumeosha kwa dizeli, tukakausha, ringi ikaanza kuteleza. Koni zilikuwa nne badala ya sita! Habu yenyewe meno mazima kabisa.

Kilichonishangaza ni kulia, upande niliodhani mzima. Nilipotoa kifuniko grisi ilimwagika, nyepesi, nyeusi, ina harufu ya oili ya difu. Habu inashika vizuri. Hii ni nini?

Fundi wa Uani

Sili ya ndani ya ekseli imekufa, oili ya difu inapita na kuosha grisi ya joiti, inatokea mpaka kwenye habu. Pima oili ya difu leo hii, itakuwa imeshuka. Jozi mpya ya habu isingekusaidia kitu hapo. Fungua upande huo wote, badilisha sili, osha joiti, weka grisi mpya, na beringi uziangalie huko huko.

Mkulima wa Karatu

Nimepima. Kidole hakikugusa oili. Sili na springi nimeagiza Arusha, zinapanda na basi kesho. Koni mbili bado natafuta, mwenye nazo za kuuza karibu na Karatu anijulishe hapa.

Mama Magari, Arusha

Koni ninazo za kutosha kutoka zile habu laini, koni zake hazikuwa na shida. Nitakuwekea sita, mpe dereva wangu soda akipita Ijumaa.