Alama 8 zimeliwa kisa Kisamoyedi, notisi zenyewe za enzi za mababu!

Wakuu, heshima kwenu. Mods, huu uzi msiuhamishie jukwaa la utani, mwenzenu nina hasira.

Nasoma isimu, chuo sikitaji. Tuliambiwa tuchore mti wa familia ya lugha za Urali, yaani Kifini, Kihungaria na ndugu zao. Nikachora matawi kadhaa yakitoka shinani moja kwa moja, Kisamoyedi, kundi la lugha za Siberia, likiwa mojawapo. Kalamu nyekundu: KOSA. Jibu "sahihi" ni la notisi zilizodurufiwa mpaka herufi zimefifia: mti wa pande mbili, Kifini-Kiugri (Kifini, Kihungaria na wenzao) huku, Kisamoyedi kule peke yake. Chini yake kasentensi: "undugu wake una mashaka".

Mashaka yapi? Samaki kwa Kifini ni kala, Kihungaria hal, Kinenetsi, lugha mojawapo ya Kisamoyedi, khalya. Jina: nimi, név, nyum. Castrén, mwanaisimu wa Ufini, alizunguka Siberia miaka ya 1840 akiugua kifua ili kuzichunguza lugha hizi, sisi 2020 na kitu bado tuna mashaka!

Nikamfuata mhadhiri ofisini, kwa adabu kabisa. Nikamwambia huo mti wa pande mbili una watetezi mpaka leo, mwanaisimu Janhunen mmojawapo, sikatai. Ila wanaisimu wenzake Salminen na Häkkinen wameupinga, na hoja yao ina uzito: yako wapi mabadiliko ya sauti ambayo Kifini na Kihungaria viliyapitia pamoja, Kisamoyedi kikiwa kimeshaondoka? Uchache wa maneno ya pamoja si hoja, lugha huweza kuyapoteza maneno yake ikiwa njiani.

Akanitazama, akasema: "Wasamoyedi si wale mbwa weupe?" Ofisi nzima kicheko.

Mbwa ndio waliopewa jina la watu, jamani! Na jina lenyewe masikioni mwa Warusi linasikika kama "wanaojila wenyewe". Wanenetsi wanajiita kwa neno lao la "mtu", basi.

Kilichonimaliza: notisi hizo hizo zinakitaja Kikamasi, lugha nyingine ya Kisamoyedi, kuwa "kinazungumzwa milima ya Sayan". Kinazungumzwa na nani? Klavdiya Plotnikova, msemaji wa mwisho, alifariki 1989. Mimi sijazaliwa!

Aliyewahi kukata rufaa ya alama anielekeze. Nasikia fomu inalipiwa, na anayesahihisha upya ni yule yule. Kweli?